Barua kwa mwanangu kuhusu miguu yake

Mwanangu,

Umeniuliza swali moja tu, tena kwa adabu ile unayoitumia ukijua jibu langu litakuwa refu: kati ya sindano ya Botox, kuchoma neva kwa mawimbi ya redio, na kukata tawi la neva nyuma ya goti, ni njia gani ya kupunguza mashavu ya miguu ambayo mtu hupona upesi akarudi kazini? Ukaongeza kwamba mwenzako ofisini alichomwa neva Ijumaa, na Jumatatu alikuwa mezani kwake.

Basi jibu lako ni sindano. Mtu hudungwa, akashuka kitandani, akaenda zake, na kinachobaki ni maumivu madogo na alama za damu iliyovilia. Kuchoma neva kunafuata, kisha kukata neva. Kuikata nyama yenyewe ya msuli ndiko kwa mwisho kabisa, maana huko mtu huchechemea wiki kadhaa. Kama ulitaka hilo tu, unaweza kuishia hapa. Lakini kurudi mezani si kupona, mama. Mezani mtu anakaa. Mashavu ya miguu hayana kazi mezani.

Mimi ningeuliza hivi: msuli ukishalazwa, kazi yake anaifanya nani? Najua umeshatabasamu. Ndiyo, ni lilelile la siku zote: mzigo haupotei, hubadilisha mchukuzi. Kaka yako alikuwa akinimalizia sentensi hiyo kabla sijafika katikati, na baba yako akawa anaitumia hata kwenye vyombo vya kuosha. Chekeni tu. Nimewafundisha watu kutembea upya maisha yangu yote ya kazi, na sijaona mguu ulioipinga.

Shavu la mguu ni misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Wa juu, gastroknemiasi, una vichwa viwili, cha ndani na cha nje, nao ndio unaochomoza ukichuchumia. Chini yake umelala soleasi, mpana na mvumilivu, unaokuzuia usianguke mbele hata ukiwa umesimama kwenye foleni bila kufanya lolote. Yote miwili hukutana kwenye kano ya kisigino. Wanaopunguza miguu hulenga zaidi kile kichwa cha ndani, kwa kuwa ndicho chenye ule mviringo. Ukikata neva yake, hakipati tena amri, na msuli usiopata amri hunyauka polepole kwa miezi. Mguu hupungua kwa sentimita kadhaa, sikatai. Usije ukasema mama anabisha mambo yaliyopimwa kwa utepe. Lakini wewe bado unapanda ngazi, bado unakimbilia basi. Kichwa cha nje na soleasi vinaingia zamu. Kwa baadhi ya watu vinanenepa kwa hiyo kazi ya ziada, na ule mviringo waliolipia uondoke upande wa ndani wanaukuta upande wa nje. Neva iliyokatwa hairudishwi kwa kubadili mawazo. Iliyochomwa wakati mwingine huota tena, na hilo kwa mmoja ni hasara, kwa mwingine ni bahati.

Sindano nayo ina hesabu yake. Ni sumu ya botulinamu, inayozuia ujumbe wa neva usiufikie msuli. Huanza kufanya kazi baada ya siku chache, wembamba huonekana baada ya wiki kadhaa, kisha neva huchipua upya na baada ya miezi 4 hadi 6 hivi msuli unaanza kurudi. Ukitaka kubaki ulivyo, unadungwa tena. Kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi hutumika yuniti 20. Kwa shavu la mguu mmoja dozi huwa mara kadhaa ya hiyo, na matumizi hayo ya urembo mguuni hayamo kwenye kibali cha dawa yenyewe. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekwe onyo zito kwamba sumu hiyo yaweza kusambaa mbali na ilipodungwa, mtu akashindwa kumeza au kupumua vizuri. Ni nadra. Nakuambia kwa sababu mwuzaji hatakuambia.

Nayo sumu hiyohiyo mimi naijua kwa wema wake. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe, ndiyo tuliyokuja kuitumia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, wale ambao mashavu ya miguu yamekaza kiasi kwamba kisigino hakigusi chini. Daktari anadunga, msuli unalegea, halafu sisi wa fiziotherapia ndio tunaoanza: kunyoosha, kuufunga mguu plasta ngumu, kunyoosha tena, mtoto analia, mama yake analia, sisi tunaimba. Yule mvulana wa shati la njano unamkumbuka, ulikuja kunisubiri siku hiyo baada ya shule. Alikitazama kisigino chake kikiwa sakafuni, akakinyanyua, akakikanyagisha tena, akacheka. Hakuna mshahara nilioupata uliozidi ule.

Sasa nisomapo kwamba mtu mzima, mwenye miguu mizima, ametoka kwenye kukata msuli au kuuchoma, na wiki ya pili anatembea kwa ncha za vidole kwa sababu kisigino hakishuki, kitu kinanikereketa. Msuli uliojeruhiwa umevimba, ukiuvuta unauma, basi mtu anaukwepa kwa kuchuchumia. Wengine huvaa viatu virefu kabisa ili wasiuvute. Hapo ndipo penye hatari, maana msuli ukipona ukiwa mfupi unabaki mfupi. Kunyoosha huko si mapambo ya matibabu, ndiko matibabu. Mwulize mwenzako wa Jumatatu kama anaweza kusimama ukutani, goti limenyooka, kisigino chini, akaegemea mbele. Usimwulize alirudi lini kazini.

Niseme na la moyoni, ambalo hukuniuliza.

Ile siku ya kupimwa nguo za harusi ya dada yako, ulikuwa na miaka 14. Fundi alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, wewe umesimama juu ya kiti, na shangazi yako akasema kwa sauti ya kusikika na jirani: "Huyo mshonee ya kuburuza, tufunike hayo magogo." Walicheka wote. Hata fundi alicheka, na pini zake. Nikamwambia, "Wifi, magogo hayo yametoka kwenu." Wakanyamaza. Baba yako usiku ule hakulala, wala hakuniacha nilale: nimemvunjia dada yake heshima mbele ya watu, nimevuka mpaka. Mpaka leo husema hivyo. Sikuvuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwangu, aliyevuka ni yeye.

Lakini nimewaza sana tangu hapo. Umewahi kumwona shangazi yako na gauni la magotini? Mimi sijamwona, hata kwenye picha zake za usichana. Huenda naye aliwahi kusimamishwa juu ya kiti, akaambiwa maneno yaleyale na mtu ambaye hatumjui. Au namtafutia udhuru kwa kuwa siku hizi anaumwa na amekuwa mpole. Sijui. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile nguo zako zote zilikwenda chini. Na kama swali lako limeanzia pale kwa fundi, sindano haifiki huko.

Tazama, hapo tena nimekuamulia, na niliapa nisikuamulie. Wewe ni mtu mzima. Watu wananyoosha meno, hakuna anayewaandikia barua. Mwili ni wako, na kutopenda kitu cha mwilini mwako si dhambi wala si lazima kuwe na shangazi nyuma yake. Halafu nakumbuka kwamba wako madaktari ambao asubuhi wanampunguzia mmoja mashavu ya miguu, na mchana wanampachika mwingine vipandikizi vya silikoni ili yake yanenepe, na wote wawili wanatoka wameshukuru. Hapo naduwaa, sina la kusema. Ninalo, ila nalizuia.

Turudi kwenye mguu, huko nina uhakika zaidi. Hakuna atakayekuambia njia ipi inafaa kabla hajajua unene wako ni wa nini. Kama ni msuli, ukichuchumia unakuwa mgumu na kuchora umbo lake. Kama ni mafuta, yanafinyika kwa vidole hata msuli ukiwa umekaza, na kwa hayo kukata neva ni kazi bure, wanayanyonya. Kunyonya mafuta mguuni kunahitaji subira kuliko tumboni, kwa sababu maji yote ya uvimbe yanashukia kwenye kifundo cha mguu, na soksi za kubana zinakuwa ngozi ya pili. Uvimbe wa miezi si ajabu. Wengine wakiona hivyo wanadhani wametapeliwa, na hali mguu bado unajipanga.

Na kuna la tatu, ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Miguu ya bibi yako mzaa baba ilikuwa minene tangu ujana, sawasawa pande zote mbili, ikiishia ghafla juu ya vifundo, nyayo zake nyembamba kama za mtu mwingine. Ukimbonyeza kidogo anaumia. Akigonga meza anapata doa la damu la wiki nzima. Tulikuwa tukimwambia ale kidogo, naye alikuwa akila kidogo. Upo ugonjwa wa namna hiyo, lipedema, ulioelezwa na madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic mwaka 1940. Huwapata karibu wanawake peke yao na mara nyingi hutembea katika ukoo. Sisemi unao. Shangazi yako simsemei. Lakini ikiwa ndio, basi unayemhitaji ni daktari wa mishipa, si wa urembo, na neva yako haina kosa lolote.

Habari za kupona unazozisoma zisome kwa jicho moja. Anayeandika huandika siku ya saba, furaha haijapoa na bandeji haijatoka. Mwaka wa pili haandiki. Picha nazo zitazame visigino: ya kwanza amechuchumia kidogo, ya pili amelegeza mguu, na tofauti yote imekaa hapo. Umesema pia unafikiria Korea Kusini, kwa sababu huko wamefanya nyingi za operesheni hizi. Kwa uzoefu sikatai. Lakini msuli huo ndio unaosukuma damu kurudi juu kila ukipiga hatua; ukiwa na jeraha, huutumii, halafu ukakaa kwenye ndege saa kumi na kitu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ndani. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na unauma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi zikikatika, usingoje hata dakika. Usikate tiketi ya kurudi kabla daktari hajakuruhusu kuruka kwa maneno ya wazi. Na mwulize nani atakuona baada ya miezi sita, wakati yeye yuko huko na wewe uko kwako. Mwulize pia kuhusu ganzi pembeni mwa unyayo, kwa kuwa neva ya hisia ya mguu inapita palepale wanapopasua, na kuna wanaotoka wamepata wembamba wakapoteza hisia za ukingo wa mguu.

Nilihudumia mama mmoja aliyekatwa neva miguu yote miwili. Alikuwa radhi nayo, nisimzulie majuto. Alitembea vizuri, ngazi alipanda. Alikuja kwangu kwa sababu alipenda kucheza dansi, na nusu ya wimbo soleasi zake zilikuwa zimechoka. Tulifanya mazoezi miezi mingi, akafika wimbo mzima, kisha miwili. Nilipomwambia mzigo haupotei, alinijibu, "Basi nimembadilisha mchukuzi, na huyu mpya mvivu." Nikampenda palepale.

Kabla hujalipa hata shilingi ya miadi, fanya hivi. Simama peku, mwombe mtu akupige picha kwa nyuma visigino vikiwa chini, halafu nyingine ukichuchumia. Pima kwa utepe pale penye unene zaidi, asubuhi na jioni. Bonyeza juu ya kifundo uniambie kama inauma. Nitumie zote, na usimwombe dada yako akupige, atakucheka kisha atampigia baba yako.

Unajua ninachotaka kusema, na baba yako amenisihi nisiseme, basi sisemi. Ukienda, nitakuja kukaa nawe. Si wiki ya kwanza, hiyo marafiki watajaa. Nitakuja ya tatu, wakati wa kunyoosha kisigino, na hutanipenda.

Mama yako