Taifodi isiyopona: majibu ya mtu aliyekuwa anaipima

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mwaka huu umeambiwa una taifodi mara nne, kila mara na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) pembeni. Umemeza sipro, ile antibiotiki, mpaka tumbo limechoka. Juzi umepata homa ya siku mbili na kamasi, ukapima, karatasi ikaandikwa 1:160. Unauliza ni taifodi gani hii isiyopona, na kama umeze sipro alizobakiza kaka yako.

Nilikaa maabara miaka tisa, mingi kwenye zahanati ya mtu binafsi upande wa Mbagala. Kipimo hicho nilikuwa nakifanya mara kumi na tano, ishirini kwa siku. Kwa hiyo naandika nikiwa upande wa waliokuwa wanaandika hizo 1:160.

Kwanza ujue tunapima nini. Kipimo kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Tunachukua maji ya damu yako, tone moja kwenye slaidi, tunaongeza tone la kitendanishi (maji maalumu ya kupimia), tunatikisa kama dakika moja, halafu tunaangalia kama vimeshikana vikawa chembechembe. Basi. Mdudu hatumuoni. Watu hutoka pale wakisema "nimekutwa na wadudu wa taifodi", na sisi hatukuwa tunawasahihisha. Tunachokiona ni kinga ambayo mwili uliwahi kuitengeneza dhidi ya kitu kinachofanana na bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi. Hiyo namba inaonyesha maji ya damu yamezimuliwa kiasi gani na bado yakashikana.

Shida ni neno hilo "uliwahi". Kinga hukaa mwilini miezi mingi baada ya kupona. Binamu zake wengine wa Salmonella wanaweza kuileta. Malaria nayo inaweza kukipotosha kipimo. Kwa mtu anayeishi Dar na kula mitaani, 1:80 au hata 1:160 peke yake haina la kusema. Utaratibu wa vitabuni ni kupima mara mbili, siku kumi hadi kumi na nne zikipita katikati, na kuangalia kama namba imepanda mara nne. Miaka tisa yote sikuwahi kumwona mgonjwa aliyeitwa arudi kwa kipimo cha pili. Siku ileile anapewa dawa.

Kuna mchana mmoja wa mvua, hakuna mgonjwa, tukaamua kujipima wenyewe kwa mzaha. Tulikuwa sita, wazima wote, tumetoka kula wali maharage. Wanne tukashika. Mimi 1:80, nesi wetu 1:160. Mama wa usafi akatoka na 1:320 na hapo alikuwa ameshika ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Tulicheka sana. Kesho yake asubuhi nikaandika 1:160 kwenye karatasi ya mtoto wa watu na daktari akamwandikia sindano za siku tano. Siku hizo sikuona ajabu yoyote. Leo naona aibu.

Sasa usije ukasema taifodi haipo. Ipo, na inaua. Mwaka huohuo alikuja kijana wa bodaboda, homa siku ya nane. Haikuwa homa ya kupanda na kushuka ghafla. Ilikuwa inapanda kidogo kidogo kila jioni. Kichwa kinauma, ulimi una utando mweupe, choo kimefunga (wengi wanadhani taifodi lazima uharishe, kumbe mtu mzima mara nyingi hufunga choo mwanzoni). Malaria hakuna. Nikampima Widal: hasi! Kinga huchelewa kutokea, siku za mwanzo mgonjwa wa kweli anaweza asionyeshe kitu. Daktari aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa mzee, hakuiamini karatasi yangu, akampeleka hospitali kubwa damu ikaoteshwe, yaani itunzwe maabara ionekane kama bakteria watakua. Siku ya tatu bakteria wakaota. Angerudishwa nyumbani na panadol, wiki ya tatu ndiyo utumbo huweza kutoboka, na hapo ni upasuaji, ukiwahi.

Yaani kipimo kilekile kilimwambia mama wa usafi anaumwa na kikamwambia yule kijana kwamba ni mzima.

Kama si taifodi, homa zote hizi ni za nini? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara, watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kutibiwa wakiwa na homa. Walipimwa kwa vipimo vya maana, si vya slaidi. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria 10.5, mkojo 5.9, taifodi 3.7. Ni watoto, wewe ni mtu mzima, lakini homa yako ya siku mbili yenye kamasi naiweka kwenye lile fungu kubwa bila wasiwasi. Na virusi havifi kwa sipro wala kwa antibiotiki yoyote, hizo zimetengenezwa kwa ajili ya bakteria. Ulipona kwa sababu ungepona tu, dawa ikachukua sifa.

Angalia pia dengue. Dar tulikuwa na mlipuko 2014, tena 2019. Mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji yaliyotuama nyumbani: tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua. Wangapi walitibiwa taifodi miezi ile wakati ni dengue? Hilo lina hatari yake, kwa sababu mgonjwa wa dengue hapaswi kupewa dawa za maumivu kama diklofenaki wala aspirini, damu inaweza kuvuja. Panadol na maji mengi. Na mahali petu kila mwenye homa alikuwa anaondoka na diklofenaki!

UTI yako nayo sina imani nayo. Kwa mwanaume kijana si ugonjwa wa kila miezi mitatu. Kama mkojo hauchomi, huendi chooni kila dakika, na karatasi inasema chembe za usaha 2 hadi 4, hiyo ni hali ya kawaida ya mkojo. Ikiwa kweli inajirudia, mkojo uoteshwe na utafutwe chanzo.

Kwa nini zahanati haziachi Widal? Ni rahisi, inatoa jibu upesi, na jibu lake linauza dawa. Lakini na sisi wagonjwa tumo. Ukimwambia mtu "ni virusi, kapumzike", anaona ameibiwa nauli, anavuka barabara kwenda zahanati ya jirani itakayompa jina la ugonjwa na mfuko wa vidonge.

Taifodi ya kweli huipati hewani wala kwa kunyeshewa. Inatoka kwenye kinyesi cha binadamu na kuingia mdomoni mwa binadamu mwingine, haina mnyama inayemtegemea. Yule kijana wa bodaboda nyumba yao ilikuwa na kisima hatua chache tu kutoka chooni, na mnajua masika yakianza huku kwetu watu wanatapisha vyoo maji yaondoke nayo. Maji hayo hayaondoki, yanaingia kisimani kwa jirani. Njia hiyohiyo inapita kipindupindu, na inapita virusi pia, kama homa ya ini aina ya A. Kwa hiyo chemsha maji mpaka yatokote, yahifadhi kwenye ndoo ya bomba na si ya kuchota kwa kikombe chenye vidole. Barafu ya juisi ya barabarani iogope kuliko juisi yenyewe, maana baridi haiui bakteria hawa. Kachumbari ioshwe kwa maji uliyoyachemsha. Na sabuni baada ya choo, hasa anayepika, kwa sababu wapo wachache wanaopona na kubaki na bakteria kwenye kifuko cha nyongo kwa miaka, wazima kabisa, wakiwagawia wengine. Chanjo ipo pia. Malawi waliiingiza kwenye ratiba ya watoto mwaka 2023.

Nikupe na upande wa pili: taifodi iliyothibitishwa huweza kurudi wiki mbili tatu baada ya dawa. Kwa hiyo homa ikifika siku ya tatu na malaria hakuna, usirudi kwenye slaidi. Nenda panapootesha damu, na uende kabla hujameza antibiotiki yoyote, maana ukishameza bakteria hawaoti vizuri na hutajua ulikuwa na nini. Hata hapo, kuotesha huwakosa wagonjwa wengi tu, daktari ataunganisha na dalili. Tumbo likikaza na kuuma, choo chenye damu, au mtu akianza kuweweseka, ni usiku huohuo.

Sipro za kaka yako rudisha. Alibakiza ngapi? Kama ni sita, basi yeye hakumaliza dozi, na wewe ungeanza dozi ambayo haitoshi. Sehemu nyingi duniani bakteria wa taifodi wameshaizoea sipro, na Pakistan tangu 2016 wapo wanaohimili hata sindano za seftriaksoni. Muulize pia yeye alipimwa kwa kipimo gani. Kama ni slaidi, mwonyeshe uzi huu.