Mita Haihami na Mpangaji: Maswali Yenu Kuhusu Modeli ya Data ya Taasisi Nzima

Shikamoo mwalimu. Nipo kitengo cha TEHAMA, mamlaka ya maji. Mkurugenzi aliuliza tuna wateja wangapi. Biashara walileta idadi yao, ufundi yao, dawati la huduma yao. Nani kakosea?

Marahaba. Yawezekana hakuna. Biashara wanahesabu akaunti zinazopelekewa ankara. Ufundi wanahesabu maungio ya maji, pamoja na yaliyokatwa. Dawati la huduma wanahesabu watu waliosajili simu zao, na mwenye nyumba tatu kwao ni mmoja tu.

Hapo ndipo modeli ya data husaidia, yaani mchoro wa vitu ambavyo taasisi inavitunzia taarifa na uhusiano wake. Tenganisheni vitu vinne: mtu, mahali, mita na mkataba. Mkataba ndio unaomfunga mtu na mahali kwa kipindi fulani, na deni likae hapo. Mita nayo hufungwa mahali, ikiwa na tarehe ya kufungwa na ya kung'olewa. Mpangaji akihama, mkataba wake unafungwa, mita inabaki, na anayeingia habebeshwi deni asilolijua. Mifumo mingi niliyoikuta huandika jina la mteja ndani ya rekodi ya mita yenyewe. Akihama, jina jipya linaandikwa juu ya la zamani, na historia yote imekwenda na maji.

Kama kwenu deni ni la mwenye nyumba, sawa, mkataba uonyeshe nani anatumia na nani analipa. Modeli haiwatungii sera, ila itawabana mseme sera yenu ni ipi, na hapo ndipo vikao hurefuka. Mkurugenzi mpeni idadi tatu, kila moja na jina lake: mikataba hai, maungio, watu.

SACCOS yetu hutumia namba ya simu kuwa namba ya uanachama. Kuna ubaya?

Upo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine. Wengine wana laini mbili, na wazee kadhaa wamejiandikisha kwa simu ya mtoto wao.

Najua mtakimbilia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kuichapa kwenye kila risiti ni kumtangazia mtu umri wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isomeni kabla ya kuisambaza namba hiyo kila idara. Tena watoto wenye akaunti za akiba huenda hawana hiyo namba. Toeni namba yenu wenyewe, isiyobeba maana yoyote na isiyobadilika. Simu na NIDA ziwe taarifa zinazomhusu mwanachama, basi.

Na tafadhali, namba hizi zihifadhiwe kama maandishi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiingiza namba ya NIDA kama hesabu, tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna onyo utakaloliona.

Mtihani ni wiki ijayo. Modeli ya dhana, ya kimantiki na ya kimaumbile zinatofautianaje?

Ya dhana hutaja vitu na uhusiano wake kwa maneno ya wenye kazi. Michoro yake mingi inatokana na makala ya Peter Chen ya 1976. Ya kimantiki huongeza sifa, funguo (sifa zinazotambulisha kila rekodi) na kanuni, bila kujali programu itakayotumika. Ya kimaumbile ni majedwali yenyewe ndani ya kanzidata mliyoichagua. Usimsahau mtafiti Edgar Codd, 1970, aliyetupa modeli ya majedwali yanayohusiana.

Bosi wangu hapa Nairobi anataka tuchore kampuni nzima, kila safu ya kila jedwali, kabla ya kujenga chochote. Nimwambieje?

Mwambie mchoro huo ukikamilika kampuni itakuwa imeshabadilika. Chora ukurasa mmoja wa kampuni nzima, wenye vitu vikubwa tu: bidhaa, muuzaji, oda, malipo, mfanyakazi, ghala. Kisha zama pale fedha inapovuja. Kila kitu kwenye ukurasa huo kipate mwenyewe, na awe mkuu wa idara. Asiwe mtu wa kompyuta, maana siku mauzo na uhasibu watakapogombana kuhusu oda "iliyokamilika", wewe huna mamlaka ya kuamua.

Tumenunua mfumo mmoja mkubwa wa kuendesha kila kitu. Modeli bado inahitajika?

Ndiyo. Mfumo umekuja na modeli ya aliyeutengeneza, nanyi hamjailinganisha na yenu. Kabla ya kuhamisha data, chukueni wasambazaji mia wa kwanza, muone wangapi wamesajiliwa zaidi ya mara moja, mmoja kwa jina la duka, mwingine kwa jina la mwenye duka. Muanze na TIN zao, yaani namba za mlipakodi.