Pauni za dhahabu za nyanya: hiyo inayowaka ndiyo ina shida

Ndugu, kabla hujazirudisha kwa huyo sonara ngoja kwanza. Umesema nyanya yako amekuachia pauni tatu za dhahabu (zile sarafu za zamani za Uingereza zinazoitwa sovereign), mbili zimefifia na moja inawaka, sonara hapo tao amekuambia atazisafisha zote zifanane na hiyo moja ndio upate bei, na unauliza kama ni kweli na utajuaje gredi yake, yaani kiwango cha hali ya sarafu. Nimenunua na kuuza hizi pauni hapa Nairobi miaka mingi, nyingi zinatoka kwa akina mama wa Ngara, Parklands na Eastleigh, na kwa maelezo yako naona hiyo inayowaka ndiyo ishaharibiwa, na hizo mbili zilizofifia usikubali mtu azipitishe kitambaa hata kidogo.

Wacha nieleze kwa nini, maana watu wengi wanachanganya kung'aa na mng'ao wa asili. Sarafu ikigongwa kiwandani presha ni kubwa sana, dhahabu inasukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na inaacha vistari vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuona kimoja kimoja, na hivyo vistari ndivyo vinacheza na mwanga. Sasa shika pauni yako kwa ukingo (usiguse uso na kidole), zima hizo taa ndefu za ofisini maana zinaficha kila kitu, washa balbu moja tu, halafu uigeuze polepole. Kama ngozi yake ni ya kiwandani utaona miali ya mwanga inazunguka juu ya sarafu kama njiti za gurudumu la baiskeli. Iliyosuguliwa haina hiyo, inawaka yote kwa mara moja halafu inazima yote. Ukishaiona tofauti hiyo kwa sarafu mbili zikiwa kando kando hautaisahau, na ndio maana namwambia kila anayeanza aombe mtu amwonyeshe moja safi na moja iliyosuguliwa kabla hajatoa pesa yake.

Baada ya hapo chukua lensi ya sonara, ile ya mara 10 inatosha. Tafuta mikwaruzo myembamba sana iliyoenda upande mmoja, au ile ya kuzunguka zunguka mahali mkono ulikuwa unasugua. Mikwaruzo ya kawaida ya matumizi imetawanyika ovyo, mmoja huku mwingine kule, mmoja mrefu mwingine mfupi. Ukiona iko sambamba na imejaa kwenye sehemu tambarare nyuma ya kichwa cha mfalme, hapo kuna mtu alipita na Brasso ama dawa ya meno ama majivu. Dhahabu ya karati 22 ni laini, haihitaji nguvu kukwaruzika. Angalia pia kona za herufi: sehemu tambarare safi kupita kiasi huku weusi umejikunyata ndani ya herufi, hiyo ilisuguliwa, kitambaa hakikufika huko ndani.

Rangi nayo inaongea. Pauni ya Uingereza ni dhahabu sehemu 11 kati ya 12, iliyobaki kawaida ni shaba, kwa hiyo ina wekundu fulani mtulivu na wakati mwingine vidoa vya shaba, hivyo vidoa ni halali kabisa usijaribu kuvitoa. Sonara akiipasha moto na kuichovya kwenye asidi, asidi inakula shaba ya juu na inaacha dhahabu tupu usoni, unapata njano kali iliyokufa, haina uhai wowote. Lakini kuwa makini, zile za zamani kabisa za Sydney, zilizoandikwa SYDNEY MINT na AUSTRALIA nyuma, za 1855 hadi 1870, nyingi zilichanganywa na fedha badala ya shaba kwa hiyo ni za njano kiasili, usiseme zimesafishwa kwa ajili ya rangi peke yake.

Hapa kwetu tatizo kubwa kuliko hata kusafisha ni kidani. Pauni nyingi zilivaliwa shingoni kwenye harusi, kuna zilizochomelewa kikonyo (kile kipete cha kupitisha mkufu), kikatolewa, halafu sonara akapiga polishi kuficha alama. Kwa hiyo kabla ya uso angalia ukingo wote, zungusha sarafu nzima, pale juu kabisa ya kichwa ndio mahali pa kwanza, kama meno ya ukingo yamekatika au yamelainika hapo na mahali pengine yako sawa, au kuna kirangi tofauti cha risasi ya kuchomelea, basi hiyo ni ya kuuza kwa uzito tu. Na uzito ni kitu unaweza kupima nyumbani na mizani ya gramu yenye desimali mbili. Pauni nzima ni gramu 7.988, upana milimita 22.05. Sheria ya Uingereza ya 1870 ilisema ikishuka chini ya gramu 7.94 hivi haifai tena kutumika kama pesa. Ukikuta 7.90 jua imelika sana au imepigwa polishi au imekatwa kitu. Ukikuta 8.05 uliza ni nini kimeongezwa.

Sasa gredi. Usianze na tarehe, anza na sehemu zilizoinuka maana ndizo zinalika kwanza. Kwa George V angalia masharubu, ndevu na nyusi. Kwa Victoria kijana nywele za juu ya sikio. Nyuma, yule Mtakatifu George aliyechorwa na mchongaji Pistrucci akipigana na joka, angalia kofia yake ya vita, paja lake, kifua cha farasi na bawa la joka. Kama paja limekuwa bapa na kofia imeyeyuka haina mstari, gredi iko chini, usidanganywe na kung'aa kwake. Kama kila kitu kiko na imepoteza mng'ao wa asili kwenye vilele tu, hapo uko karibu na 50 hadi 58 kwa ile skeli ya gredi ya wakusanyaji sarafu, ya 1 hadi 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni ile haijatumika kabisa, lakini haimaanishi haina alama, hizi sarafu zilisafirishwa kwenye mifuko zikigongana, shavu la mfalme linaweza kuwa limejaa vidonda na bado ikawa 61. Ndio maana kuna 58 ambayo ni nzuri kwa macho kuliko 61, na mimi binafsi nachukua hiyo 58.

Kitu kingine kinachoangusha watu ni kuchanganya kulika na kugongwa vibaya. Sehemu iliyogongwa kwa udhaifu haina mchoro kamili lakini ule mwanga bado unapita juu yake. Iliyolika imekuwa laini na rangi yake imebadilika kidogo, mwanga unakatika ukifika hapo. Hii ni muhimu sana kwa ile rupia 15 ya ndovu ya Tabora ya 1916, Wajerumani waliigonga kwenye karakana ya reli vita vikiwa vimewabana, dhahabu asilimia 75, gramu 7.168, ni kazi ya haraka na nyingi zina uso usio laini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mtu asikuambie imechakaa wakati ilizaliwa hivyo. Hiyo ukiipata usiruhusu mtu aipake chochote.

Ile inayowaka sasa utafanyaje? Huwezi kurudisha ngozi iliyosuguliwa. Kampuni za kupima gredi za sarafu kama PCGS na NGC hazitaipa namba safi, wataandika ni halisi lakini imesafishwa. Kama ni tarehe ya kawaida, mfano George V ya Pretoria yenye SA juu ya tarehe, hasara ni ndogo kwa sababu hata ingekuwa safi ingeuzwa karibu na bei ya dhahabu, uza hiyo kwanza. Maumivu yanakuja ikiwa ni tarehe adimu, hapo kitambaa kimekula pesa kubwa.

Hizo mbili kama zina mafuta ya mikono au gundi ya plastiki, tumia asetoni safi ya duka la kemikali (sio ile ya kutoa rangi ya kucha, ina vitu vingine ndani), weka kwenye glasi, fungua madirisha, mbali na moto, loweka, toa, suuza na maji ya betri yale yasiyo na asidi, acha ikauke yenyewe. Hakuna kusugua. Na ukienda kuuza mwambie mnunuzi asikwaruze kwenye jiwe la majaribio, wako wenye mashine ya eksirei inayosoma karati bila kugusa, nenda kwa hao. Tuma picha za zote tatu hapa, mbele, nyuma na ukingo, balbu moja kutoka upande, bila flashi, na uandike uzito wa kila moja, nitakuambia naona nini.