Helikopta ya Everest: mizani kwanza, mayai baadaye

Tangu nilipoandika kuhusu ile safari ya asubuhi moja huko Nepal, ya kuruka na helikopta kutoka Kathmandu, kuutazama Everest, kunywa chai Syangboche, huko huko milimani, na kurudi hotelini kabla ya chakula cha mchana, maswali hayajakoma. Mengi yanajirudia. Nimechagua yanayofaa, na mawili matatu nimeyajibu kwa sababu yameniudhi.

Helikopta inatua kileleni kabisa?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nne, hii ya tano iwe ya mwisho. Aliyetua kileleni ni rubani wa majaribio kutoka Ufaransa, Didier Delsalle, tarehe 14 Mei 2005. Alikuwa peke yake, helikopta imeng'olewa kila kisichohitajika, na alikaa pale dakika tatu na sekunde hamsini. Wewe na begi lako mtatua Kala Patthar, kilima cha kuutazamia Everest, mita 5,500 na ushee, na kilele chenyewe, mita 8,848.86, bado kitakuwa juu yenu kwa zaidi ya kilomita tatu. Hali ya hewa ikiruhusu. Maneno hayo manne yashike, tunayarudia hapa chini.

Wakala amenihakikishia kwa maandishi kwamba lazima tutatua Kala Patthar. Tunaruka Jumanne, na Jumatano asubuhi nina ndege ya kurudi nyumbani. Nimepanga vizuri?

Hujapanga vizuri, dada yangu, na aliyekuandikia hayo ama hajui kazi yake ama anajua sana kuuza.

Helikopta hizi huruka kwa macho. Rubani anafuata bonde, anavuka mgongo wa mlima, anafuata bonde jingine, na asipoona mbele hana njia. Marubani wa Nepal wana msemo wao kwamba mawingu ya kwao yana mawe ndani. Kathmandu yenyewe, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, huamka na ukungu unaofunga uwanja mpaka jua lipande. Huko juu mambo ni kinyume: alfajiri ni shwari, na kadiri saa zinavyosonga upepo unaamka na mawingu yanajaa mabondeni. Kwa hiyo una dirisha dogo, na ukungu wa Kathmandu unaweza kulimaliza kabla hujafunga mkanda.

Mara yangu ya kwanza nilikaa Tribhuvan, uwanja wa ndege wa Kathmandu, upande wa safari za ndani, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba helikopta iliyoegeshwa mbele yetu tuliiona kichwa, mkia hatukuuona. Bwana mmoja wa kundi letu alimfuata rubani akamwonyesha risiti. Rubani aliisoma yote, mstari kwa mstari, akamrudishia kwa mikono miwili, akaenda kukaa. Siku hiyo hatukuruka. Kesho yake tuliruka saa kumi na mbili na nusu, na anga ilikuwa safi mpaka kilele cha mwisho. Yule bwana hakuwepo. Alikuwa amepanga kama wewe.

Julai 2023, katikati ya monsuni, yaani msimu wa mvua, helikopta iliyokuwa ikirudi Kathmandu kutoka Surke, jirani na Lukla, mji mdogo wa njia ya kwenda Everest, ilianguka. Walikufa watalii watano wa Meksiko na rubani wao Mnepali. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huko ikasimamisha safari za helikopta za kutalii hadi Septemba. Na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliziweka kampuni zote za ndege za Nepal kwenye orodha yake ya marufuku. Sikutishi usiende, mimi mwenyewe nimekwenda. Ninachotaka ni kwamba asubuhi ile rubani atakaposema "leo hapana", uwe na nafasi ya kumjibu "sawa".

Acha siku mbili za akiba, ikishindikana basi angalau moja. Na kabla hujalipa, uliza mambo ambayo watu hawaulizi: msiporuka kabisa, pesa inarudi yote au mnahamishiwa kesho? Na je, mkiruka mkaishia Lukla kwa sababu mbele kumefunga? Hapo mafuta yameshachomwa, na mara nyingi huna chako. Jibu likukute ofisini. Ukilisikia kwa mara ya kwanza uwanjani, umechelewa.

Ni mwezi gani mzuri?

Oktoba na Novemba, kisha Machi hadi Mei. Ukiniuliza kuhusu Julai nitajua hukusoma jibu la juu.

Mimi na mume wangu tulilipia safari moja. Kufika Pheriche, kijiji cha njiani, tukatenganishwa: yeye akapandishwa kwanza na mtu mwingine, mimi nikaachwa kwenye baridi na watu nisiowajua karibu nusu saa. Hii si dharau?

Pole kwa baridi, mama, lakini dharau haikuwepo.

Helikopta inayotumika sana kule ni Airbus H125, ya injini moja. Kutoka Kathmandu inabeba abiria watano bila shida. Sasa, ukifika mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Mapanga yanazunguka kasi ile ile ila hewa ya kushika ni haba, na injini nayo inavuta pumzi kwa taabu kama wewe. Uzito uliokuwa mwepesi Kathmandu unakuwa mzigo Kala Patthar. Kwa hiyo rubani anashusha watu Pheriche, mita 4,300 hivi, au mahali pengine kabla ya hapo, anapandisha wawili au watatu, anawarudisha, anachukua waliobaki. Anayepanga nani aende na nani ni mizani. Cheti cha ndoa hakimo kwenye hesabu.

Kosa nalikuta kwa aliyewauzia bila kuwaeleza. Hilo ndilo linaloniudhi kwenye biashara hii: picha kumi za vilele, na sentensi moja ya kutenganishwa imefichwa mwisho kabisa wa karatasi.

Na nyie abiria acheni kudanganya kilo. Uwanjani mnapimwa na nguo zote, na yule aliyeandika 70 huku mizani inasoma 88 ndiye anayefanya mpango mzima upanguliwe wenzake wakisubiri. Begi kubwa liache hotelini. Chukua koti zito, glavu, kofia ya kufunika masikio na miwani ya jua, basi. Ukiachwa Pheriche nusu saa utanishukuru kwa glavu.

Kifungua kinywa kina nini? Kimo kwenye nauli? Kuna chakula cha wasiokula nyama?

Barua kumi na moja kuhusu mayai. Kuhusu oksijeni, mbili.

Haya. Kituo chenyewe kwa kawaida ni Hotel Everest View, Syangboche, mita 3,880, juu kidogo ya mji wa Namche Bazaar. Ilifunguliwa mwaka 1971, wazo la Mjapani Takashi Miyahara, na kwa miaka mingi imejulikana kwa kuwa juu kuliko hoteli nyingi duniani. Utapata mayai, mkate, viazi, uji, chai na kahawa. Asiyekula nyama hapati shida kabisa Nepal. Mara nyingi bili ni yako mwenyewe, kwa hiyo beba pesa taslimu.

Msomaji mmoja alilalamika kwamba chai ililetwa "vuguvugu". Maji pale yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, ndugu yangu. Chai haijawahi kufikia joto unalolitaka wewe, na ukiiweka mezani nje ya baraza, upepo unamalizia. Mimi nilipiga picha nne za mlima Ama Dablam, kugeuka nikakuta yai langu limeganda ute kwenye sahani kama gundi. Kula kwanza. Mlima upo, na kutoka baraza lile unauona Everest wenyewe ukichungulia nyuma ya ukuta wa Nuptse na Lhotse, Ama Dablam ikiwa karibu zaidi upande wa kulia. Wengi wanadhani hiyo ya karibu ndiyo Everest, wanarudi nyumbani na picha mia za mlima wa mita 6,812. Muulize mhudumu.

Usishindilie tumbo, hasa kama Kala Patthar inakuja baada ya chakula.

Kutoka kambi ya chini ya Everest tutakiona kilele?

Hapana, hakionekani pale. Ndiyo maana mnapelekwa Kala Patthar.

Nimefika Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, bila hata kuumwa kichwa. Hii ya kukaa kwenye kiti ni mchezo kwangu, au vipi?

Hongera kwa Uhuru. Ila ulipanda kwa siku kadhaa, na kila usiku mwili ulikuwa unajifunza. Mazoea yale huisha wiki chache baada ya kushuka, hayawekwi benki. Sasa unatoka Kathmandu, mita 1,400, na asubuhi hiyo hiyo uko 5,500. Kinachokuokoa ni ufupi wa kukaa: ugonjwa wa mwinuko huchukua saa kadhaa kujitokeza, na wewe pale juu unapewa dakika tano hadi kumi, mara nyingi mapanga yakiwa hayajasimama. Ndiyo sababu rubani anakufokea urudi. Anajua unachopumua.

Hata hivyo dakika hizo zina vituko vyake. Kizunguzungu, vidole kuwasha, akili kuwa nzito. Nilimwona kijana mwenye misuli akihangaika kufungua kifuniko cha kamera yake, anakizungusha upande wa kufunga. Tembea kama mgeni kwenye nyumba ya watu: polepole, usiruke, usipige kelele. Ukichoka, chuchumaa. Na usiipite helikopta kwa nyuma hata siku moja, kwenye panga la mkiani. Nenda mbele, rubani akuone.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende huko, na mwenye kubeba kinasaba chake tu aongee na daktari kwanza, kwa sababu mwinuko mkubwa unaweza kumharibia bandama hata kama bondeni hajawahi kuugua. Watu wetu wengi wanacho na hawajui. Mwenye moyo au mapafu yenye matatizo, na mjamzito, waende kwa daktari vilevile, wasimuulize wakala.

Tunaweza kwenda na mtoto wa miaka miwili?

Hawezi kukwambia kichwa kinamgonga. Mwacheni na bibi yake.

Bima yangu ya kawaida ya safari inatosha?

Isome ukurasa wa mwinuko. Nyingi zina kikomo cha mita, na ukikivuka uko peke yako. Na ukiwa Nepal, hasa ukiamua kupanda kwa miguu badala ya kuruka, jihadhari na huruma ya ghafla. Mwaka 2018 yalifichuliwa makubwa: wapanda milima wenye mafua kidogo walishawishiwa washuke kwa helikopta ya uokoaji, na kampuni za bima zikatumiwa bili nono, wakati mwingine safari moja ya helikopta ikidaiwa mara kadhaa, kana kwamba kila abiria aliruka peke yake. Ukiumwa kweli, shuka, maisha kwanza. Ukiwa na kikohozi tu na mtu ameshaita helikopta kabla hujamaliza sentensi, piga simu bima yako mwenyewe.

Nilisikia Januari 2025 wenyeji wa Khumbu, eneo la Everest, walifunga viwanja vya kutua. Si wivu tu wa watu wasiotaka maendeleo?

Neno "wivu" lirudishe ulikolitoa.

Eneo lote hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Hifadhi ilitangaza kuzuia safari za kibiashara za helikopta kwa sababu ya kelele na wanyama, na vijana wa huko wakasimika bendera kwenye viwanja ili zisitue. Waendeshaji walilalama, safari zikasimama kwa muda, kisha zikarudi.

Sasa fikiria uko Namche. Mtu anayepanda kwa miguu analala kwako, anakula kwako, anamlipa mpagazi, anarudia njia ile ile akishuka, analala tena. Sisi wa helikopta tunapita juu ya paa lako saa moja asubuhi, tunakunywa kikombe kimoja Syangboche, tunakuachia kelele. Asubuhi yenye anga safi zinapita moja baada ya nyingine, bonde zima linavuma. Mimi nimeketi kwenye hizo helikopta na bado naona vijana wale wana hoja. Helikopta kule ndiyo ambulensi, na hakuna aliyesema iondoke. Wanachouliza ni kwa nini inayobeba mgonjwa na inayobeba mimi na kamera yangu zihesabiwe sawa. Ukienda, angalau ulizia kampuni inajaza viti vyote au inaruka na wawili. Na ada ya hifadhi, rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni kabla ya kodi, hakikisha imelipwa kwa jina lako, maana kuna mawakala wanaoisahau kwa makusudi.

Bei?

Kiti cha kuchangia ni dola 1,000 na ushee. Ukiuziwa kwa nusu ya hapo, hiyo ni ndege ya mabawa inayozunguka bila kutua, au ni mwizi.

Nikiongeza pesa nitapewa kiti cha mbele?

Wapo wanaochukua hiyo pesa. Ukifika uwanjani utakaa mizani ilipokuweka.