Mimi ni Nani Jamani?

Swali: Anti, babangu Mbaluchi, wale wa asili ya Pakistan na Iran, mamangu Mdigo, nimezaliwa Makadara, Mombasa. Nairobi naitwa Mwarabu, Dubai naambiwa Mwafrika, hapa kwetu chotara. Kwa fomu niandike nini?

Jibu: Mwanangu, pole, hata wenye fomu wenyewe wamechanganyikiwa. Uraia ni Mkenya, hapo huna shida. Kabila ndo balaa. 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, yaani bara zima kabila moja, Mgoa, Mpunjabi, Bohra (Waislamu wa asili ya Uhindi), wote chungu kimoja, na Oman walikotoka Waarabu wetu si iko Asia pia? Lakini Mwarabu wa Mji wa Kale hakuna anayemwita Muasia, huyo ana jina lake! Andika Mswahili, wakikukatalia waulize wao kabila lako lipi.