Barua kwa mwanangu: nani ataketi karibu na nani

Shinyalu

Mwanangu,

Umeniuliza ni nyimbo zipi uweke kwenye orodha ya kile kikao cha muziki mnachopanga na akina mama wa kanisa huko Nakuru, kwa ajili ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Nyimbo zitapatikana. Mzee wa miaka 80 alikuwa kijana Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963. Waulize watu wa nyumbani kwake alisoma wapi, aliabudu wapi, na alipokuwa kati ya miaka 15 na 25 alicheza ngoma gani. Nyimbo za umri huo ndizo hukawia kutoka kichwani. Uliza pia lugha aliyolelewa nayo, maana Nakuru ni ya kila kabila, na aliyehamia huko kufanya kazi ya reli huenda hadi leo anaota kwa Kiluhya au Kijaluo.

Kinachonisumbua mimi ni nani ataketi karibu na nani. Mzee haimbiwi, mzee huimba na watu. Nimelisema hili tangu Kuka, babu yako, alipougua na sitachoka kulisema.

Unaikumbuka ile sherehe ya kanisa tuliyoalikwa, ya spika kubwakubwa. Kuka wakati huo alikuwa ameshaanza kuniita kwa jina la marehemu ndugu yake. Alikaa kimya asubuhi nzima, kisha spika zikatoa mdundo wa isukuti, ngoma yetu ya huku Isukha. Akainuka. Akaweka mikono mbele ya tumbo, palepale ngoma inaponing'inia, akaanza kutafuta njia ya kuingia uwanjani. Kijana mmoja wa kupokea wageni akamshika bega, akamrudisha kitini. "Tulia mzee, utaanguka." Watu wakapiga makofi wakiona mzee ametunzwa vizuri. Mtu aliyepiga ngoma kubwa harusini na matangani kote Isukha, amekalishwa chini ngoma yake ikilia!

Labda namwonea yule kijana. Miguu ya Kuka ilikuwa imelegea, na kuanguka angeanguka kweli. Lakini si angesimama naye? Si angemshika kiuno wakacheza wote wawili? Hapana, simwonei.

Kesho yake Senge, shangazi yako, alikuwa uani akichambua mrenda, akaanza wimbo wa harusi bila kumlenga mtu yeyote. Kuka akavuta ndoo, akaipindua, akaanza kupiga. Ndugu yako akaingia na debe, na mara Kuka akasimamisha kila kitu. "Mtoto amechelewa." Unajua isukuti ni ngoma tatu, baba, mama na mtoto. Mtu ambaye hangeweza kukuambia kama amekunywa chai alisikia ngoma ya mtoto imechelewa kuingia! Ndugu yako akarudia na kurudia mpaka akakubaliwa. Mwaka wa 2014 UNESCO ilipoiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mimi niliifikiria ndoo ile.

Kwa hiyo spika iwe ndogo, au isiwepo kabisa. Muziki wa mashine haumngoji mzee anayelitafuta neno. Watu wanaoimba humngoja. Fanyeni asubuhi, kama saa nne, kwa sababu jua likielekea kutua wengi wao huanza kuhangaika. Dakika 45 zinatosha, na chai iwe mwisho. Viti viwe nusu duara, choo kiwe karibu. Wimbo wa kufungua na wa kufunga uwe uleule kila mnapokutana. Na jamaa zao wakae humo ndani ya duara, wasisimame nyuma wakipiga picha. Mzee haimbiwi.

Zimebaki nyimbo za msiba. Huwezi kuzikwepa, kwa kuwa mdundo uleule wa harusi hupigwa matangani. Mama yako anasema mzee akilia apewe leso na wimbo uendelee, machozi si ugonjwa. Siku ile Kuka alipolia, Senge alikatiza wimbo, na Kuka akaendelea kulia peke yake bila wimbo, ikawa vibaya zaidi. Hapo nakubaliana na mama yako. Lakini mzee anayelia na hajui anamlilia nani, utamfariji kwa neno gani? Kuka alitazama huku na huku akitafuta maiti. Basi zisiimbwe? Na kama ndizo pekee anazozijua mpaka mwisho? Jibu langu ninalo, liko mdomoni hapa, na nalimeza kwa shida. Wewe ndiwe utakayeziona nyuso zao, amua wewe.

Nitumie tarehe mapema nipange safari. Na kama kuna mzee wa kutoka huku kwetu ambaye jamaa zake hawatafika, niandike mimi niketi naye.

Baba yako