Shingo Ilipojipinda Baada ya Nusukaputi

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 19 alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kwa nusukaputi. Aliamka vizuri, akanitambua, akaomba maji. Saa chache baadaye, alipokwisha kuchomwa sindano ya kuzuia kutapika, kidevu chake kilianza kuvutika kuelekea bega la kushoto, macho yakapanda na kuganda kwenye dari, taya likakaza, na ulimi ukawa unatoka nje bila yeye kutaka. Mama aliyekuwa akiuguza kitanda cha jirani alisema ni jini, na muuguzi wa zamu alidhani binti anadeka kwa sababu ya maumivu. Nilimshika mkono nikamwambia abonyeze kidole changu kama ananisikia, naye akakibonyeza papo hapo, tena kwa nguvu.

Nilipomweleza daktari jambo hilo, aliacha kufikiria kifafa, kwa kuwa anayeanguka kwa kifafa cha mwili mzima hupoteza fahamu. Alifungua faili, akafuata orodha ya sindano kwa kalamu, akasimama kwenye metoklopramidi. Alituambia kuwa hali ile huitwa distonia, yaani misuli kukaza na kujipinda bila hiari, na kwamba dawa hiyo hutuliza kichefuchefu kwa kuzuia dopamini, kemikali ya mwilini ambayo ndiyo hiyo hiyo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa misuli. Huwapata zaidi watoto na vijana, hasa wa kike, na kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku moja au mbili tangu dawa itolewe. Mdogo wangu alichomwa sindano ya promethazini ya kulegeza mkazo huo, na kabla ya nusu saa kwisha shingo ililegea, akalia kwa sauti, kisha akalala. Aliandikiwa pia vidonge vya benzeksoli vya siku mbili, kwani mkazo unaweza kurudi nguvu ya sindano ikiisha.

Kwa hiyo nawasihi mnaouguza: msiridhike mkiambiwa kwamba mgonjwa anajifanya. Kutetemeka mwili mzima mara tu baada ya kuamka ni jambo la kawaida, mara nyingi huletwa na baridi ya chumba cha upasuaji na dawa zenyewe, na blanketi husaidia. Lakini shingo, macho au taya likivutwa upande mmoja na kubaki hapo, daktari aitwe wakati huo huo, akumbushwe dawa zote zilizotolewa tangu asubuhi, zikiwemo za kuzuia kutapika. Mrekodi kwa simu sekunde chache, maana mkazo huja na kuondoka, na daktari anaweza kufika wakati umetulia. Msimnyooshe shingo kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Akianza kukoroma au kushindwa kupumua, hiyo ni dharura, kwa sababu misuli ya koo nayo inaweza kukaza.

Sisemi metoklopramidi ni dawa mbaya, kwani imewasaidia wengi, lakini inahitaji uangalifu: mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilielekeza isitumike zaidi ya siku 5, wala kuzidi miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima, kwa sababu ya madhara yake kwenye neva. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, hapaswi kupewa kabisa.

Kabla hatujaruhusiwa kuondoka nilimwomba daktari atuandikie jina la dawa hiyo kwenye karatasi. Mdogo wangu aliihifadhi ndani ya kadi yake ya kliniki, na alipolazimika kujifungua kwa upasuaji, alimkabidhi mtaalamu wa usingizi kabla hajalazwa mezani. Mtaalamu yule aliisoma mara mbili, akamuuliza maswali kadhaa, akachagua ondansetroni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika. Jioni nilimkuta ameegemea mto, shingo imenyooka, anamnyonyesha mtoto.